Taarifa za Umma Zisifungiwe Kabatini

Kazi ya ofisi ya umma haimaliziki pale waraka unapotiwa sahihi, ukapigwa mhuri na nakala yake kuwekwa katika faili. Kazi hiyo humalizika pale mwananchi aliyekusudiwa anapoupata waraka huo, akausoma, akauelewa na kuutumia. Zamani jambo hili lilieleweka bila kuhitaji maelezo. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi, likasomwa redioni, likachapwa gazetini, na mwalimu mkuu akalisoma mbele ya wanafunzi mstarini. Hakuna mtumishi aliyethubutu kudai kwamba ametangaza, ilhali tangazo lenyewe limefungiwa kabatini mwake.

Leo sehemu kubwa ya matangazo hayo imehamia kwenye tovuti. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa matokeo ya mitihani kwenye tovuti yake. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu hupelekwa kwa njia ya mtandao. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutangaza nafasi za kazi mtandaoni, na waombaji hutuma maombi yao kwa njia hiyo hiyo. Taasisi ya Elimu Tanzania huweka huko vitabu vya kiada ili walimu na wanafunzi wavisome. Nyaya za mawasiliano za SEACOM zilifika pwani yetu kupitia chini ya bahari mwaka 2009, na zile za EASSy mwaka 2010. Mwaka 2019 ilitungwa Sheria ya Serikali Mtandao, ambayo ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao. Haya ni mafanikio ambayo hayafai kubezwa hata kidogo.

Hata hivyo, hapana budi tujiulize swali moja rahisi. Je, taarifa zikishawekwa huko, zinapatikana na yule anayezitafuta? Kuweka kitu mahali ni jambo moja, na kitu hicho kuonekana ni jambo jingine kabisa. Mwananchi wa kawaida hakariri anwani za tovuti za wizara, idara na mashirika. Anachofanya ni kufungua simu yake, kuandika maneno mawili matatu kwenye injini ya utafutaji, kisha kufungua jibu la kwanza, au la pili, au la tatu. Kile kisichotokea katika ukurasa wa kwanza wa majibu, kwake yeye hakipo. Kwa hiyo ofisi inayoweka waraka wake mahali ambapo injini za utafutaji haziwezi kuuona, imeufungia kabatini, hata kama kabati lenyewe ni la kisasa.

Masjala ya dunia

Ili tuelewe tatizo hili, yafaa kwanza tueleze kwa ufupi injini za utafutaji zinavyofanya kazi. Watumishi wa serikali hawatapata taabu kuelewa, kwa sababu wanaifahamu masjala. Ofisi yenye maelfu ya majalada haiwezi kufanya kazi bila daftari linaloonyesha kila jalada lina namba gani, linahusu jambo gani na liko rafu ipi. Karani wa masjala akiwa mahiri, jalada hupatikana kwa dakika moja. Akiwa mzembe, au kichwa cha jalada kikiwa hakieleweki, shauri la mtu hukaa miezi.

Intaneti nayo ni majalada mengi yasiyo na idadi, na tangu mwanzo wake watu walitambua kwamba bila masjala haina faida. Mwaka 1990 Alan Emtage, kijana mwenye asili ya Barbados aliyekuwa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, alitengeneza programu iliyoitwa Archie, ambayo iliorodhesha majina ya mafaili yaliyokuwa katika kompyuta mbalimbali za mtandao. Hiyo huhesabiwa kuwa injini ya kwanza ya utafutaji katika intaneti. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo walianza orodha ya tovuti iliyopangwa na binadamu kwa mafungu, ambayo baadaye ikaitwa Yahoo. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, walianzisha kampuni ya Google.

Injini ya siku hizi hufanya kazi tatu. Kwanza, hutuma programu zake zitambae kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo vinavyounganisha kurasa hizo. Pili, husoma maneno yaliyomo na kuyaandika katika faharasa kubwa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu. Tatu, mtu anapouliza swali, huchagua kurasa zinazohusika na kuzipanga, ipi itangulie na ipi ifuate.

Katika kazi hiyo ya tatu ndipo ulipo ugunduzi uliowatofautisha Page na Brin na wenzao. Wao walitazama viungo kama mwajiri anavyotazama wadhamini wa mwombaji kazi. Ukurasa mmoja ukiweka kiungo kinachoelekea kwenye ukurasa mwingine, ni kama umeuandikia barua ya udhamini. Na barua ya mdhamini anayeheshimika ina uzito kuliko barua kumi za watu wasiojulikana. Leo yako mambo mengine mengi yanayopimwa, lakini msingi huo haujafutika.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba injini haina macho ya kuona ukubwa wa ofisi. Haijui kwamba barua hii ina sahihi ya katibu mkuu na ile imeandikwa na kijana mmoja aliyejifungia chumbani kwake. Hufuata viungo, husoma maneno na hupima dalili. Ukurasa wa kijana yule ukiwa umepangwa vizuri, ukiwa na kichwa cha habari kinacholingana na swali la mwananchi, na ukiwa umeunganishwa na kurasa nyingine, unaweza kabisa kuutangulia waraka wenye mhuri.

Makosa yanayotuficha

Tukishaelewa hayo, ni rahisi kuyaona makosa ambayo aghalabu hufanyika katika tovuti za umma.

La kwanza ni kuweka picha ya barua badala ya maneno yake. Waraka huchapwa, hutiwa sahihi, hugongwa mhuri, kisha hupitishwa kwenye skana na kuwekwa kwenye tovuti kama picha, tena kwa jina la faili lisilo na maana yoyote, mathalan neno "scan" likifuatiwa na tarakimu. Jicho la binadamu huona barua. Lakini mashine ya utafutaji hupata shida kujua imeandikwa nini, na wakati mwingine haijui kabisa. Kadhalika mtu asiyeona, ambaye hutegemea programu ya kumsomea maandishi kwa sauti, hapati chochote. Dawa yake haina gharama: maneno ya waraka yawekwe kwenye ukurasa kama maandishi, na nakala yenye mhuri iambatanishwe chini kwa anayeihitaji.

La pili ni vichwa vya habari visivyosema kitu. Tovuti yenye kurasa mia moja, zote zikiwa na kichwa "Taarifa kwa Umma", haina tofauti na masjala yenye majalada mia moja yaliyoandikwa "Barua". Karani gani atapata kitu humo? Kichwa cha ukurasa ndicho kitu cha kwanza ambacho injini hukitazama, na ndicho mwananchi hukiona katika orodha ya majibu. Basi kisema jambo lenyewe, kitaje mwaka, na kitaje anayehusika.

La tatu, ambalo pengine ndilo kubwa kuliko yote, ni lugha. Tuchukue mfano. Kwa lugha ya ofisi tunasema "usajili wa vizazi na vifo". Usemi huo ni sahihi na una mahali pake. Lakini mama aliyejifungua hivi karibuni haandiki maneno hayo katika simu yake. Huandika "jinsi ya kupata cheti cha kuzaliwa cha mtoto". Mwalimu hutafuta "silabasi" wakati nyaraka zetu husema "muhtasari wa somo". Mwanafunzi wa chuo kikuu hutafuta habari za "bumu" wakati maelezo rasmi husema "fedha za kujikimu". Hatusemi kwamba nyaraka za serikali ziandikwe kwa lugha ya vijiweni. Tunachosema ni kwamba mwandishi wa ukurasa anapaswa kujua swali litaulizwa kwa maneno gani, na kuyaweka maneno hayo mahali panapostahili, sambamba na istilahi rasmi. Kufanya hivyo hakuishushi hadhi ofisi. Karani wa mapokezi hufanya hivyo kila siku: mwananchi husema kwa maneno yake, naye humwelekeza kwenye dirisha lenye jina la kiofisi.

Katika suala hili la lugha, Kiswahili kinadai haki yake. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967, na mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tunaisherehekea siku hiyo kwa nyimbo na hotuba. Lakini ukurasa wa Kiingereza ukiwa na maelezo kamili, na wa Kiswahili ukiwa na vichwa vya habari tu, injini itamjibu nini anayeuliza kwa Kiswahili? Itampa chochote ilichokipata katika lugha hiyo, hata kikiwa porojo. Lugha isiyowekewa maarifa yaliyo sahihi, hujazwa na yasiyo sahihi.

La nne ni kuhamahama kwa anwani. Kila baada ya muda tovuti hupambwa upya, rangi hubadilishwa, na picha za viongozi hupangwa vingine. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba kurasa za zamani hupewa anwani mpya bila ya kuacha maelekezo katika anwani za awali. Viungo vyote vilivyokuwa vimewekwa na shule, vyuo na magazeti kwa miaka mingi hufa siku hiyo hiyo, na heshima yote iliyokuwa imejengwa kwa viungo hivyo hupotea. Ofisi inapohama jengo hubandika karatasi mlangoni kueleza ilikohamia. Mtandaoni nako karatasi hiyo ipo, na fundi yeyote mwenye ujuzi anajua kuibandika. Vilevile hutokea kwamba fundi, wakati wa kujenga tovuti, huweka amri ya kuzikataza injini zisiingie, kisha kazi ikiisha anasahau kuiondoa. Tovuti hufunguliwa kwa sherehe, kumbe mlango wake umekomewa kwa ndani.

La tano ni uzito wa kurasa. Wananchi wetu wengi husoma mtandao kwa simu za mkononi, nao hulipia kila wanachokisoma kwa kununua bando. Ukurasa unaoanza kwa picha kubwa kumi zinazopita moja baada ya nyingine ni kodi isiyotungiwa sheria. Tangu mwezi Aprili 2015, Google huzipa nafasi nzuri zaidi kurasa zinazosomeka vizuri kwa simu pale mtu anapotafuta kwa simu. Kwa hiyo wepesi wa ukurasa ni huruma kwa mwananchi, na papo hapo ni njia ya kupatikana.

Pengo halikai tupu

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo ya kiufundi yasiyostahili nafasi katika ukurasa wa maoni. Tungekubaliana nao kama nafasi inayoachwa na ofisi za umma ingebaki tupu. Lakini haibaki tupu. Pale ambapo mwenye taarifa sahihi haonekani, dalali huonekana.

Uingereza ni mfano mzuri, kwa kuwa nchi hiyo ililiona tatizo hili mapema na kulishughulikia hadharani. Kadi ya bima ya matibabu iliyowawezesha raia wake kutibiwa katika nchi nyingine za Ulaya ilikuwa ikitolewa bure. Lakini watu wengi waliolipia kadi hiyo hawakujua kwamba ni ya bure. Walikuwa wametafuta kwenye mtandao, wakakuta juu kabisa ya orodha tangazo lililolipiwa, likiwa na sura inayofanana na ya ofisi ya serikali. Walipojaza fomu, walitozwa ada na mtu wa kati aliyefanya kazi moja tu ya kuipeleka fomu ile ile kwa wahusika. Mambo ya namna hiyo yalitokea pia katika pasi za kusafiria na leseni za udereva. Mwaka 2014 serikali ya nchi hiyo ilifanya kampeni ya kuwahimiza wananchi waanzie safari zao katika tovuti ya serikali yenyewe.

Kampeni hiyo iliwezekana kwa sababu palikuwa na mahali pa kuwaelekeza. Mwezi Oktoba 2012 Uingereza ilifungua tovuti moja iitwayo GOV.UK, ikachukua nafasi ya tovuti kuu mbili zilizotangulia, na katika miaka iliyofuata wizara zote na taasisi zaidi ya 300 zikaingizwa humo. Waliojenga tovuti hiyo hawakuanza kwa kuuliza ofisi zinataka kusema nini. Walianza kwa kuuliza mwananchi anahitaji nini na analitafuta kwa maneno gani, kisha wakaandika kurasa fupi kwa maneno hayo hayo. Si lazima nasi tuige kila kitu cha Waingereza, lakini busara haina uraia.

Hapa kwetu walimu wanaweza kuona hatari hiyo kwa karibu zaidi. Utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa ulianza mwaka 2024. Mwalimu aliye mbali na mji, anayetafuta muhtasari wa somo lake kwa simu, anaweza kukutana kwanza na muhtasari wa zamani uliowekwa na mtu binafsi miaka mingi iliyopita, kwa sababu tu ukurasa huo umekaa muda mrefu na umeunganishwa na kurasa nyingi. Asipokuwa mwangalifu atafundisha kwa kitu kilichokwisha ondolewa. Watakaoumia ni watoto, nao hawana habari kwamba kulikuwa na tatizo la utafutaji. Vivyo hivyo kijana anayetafuta nafasi ya kazi serikalini akikutana kwanza na ukurasa wa tapeli unaomtaka atume fedha kwa simu ili jina lake lishughulikiwe, hasara yake ni ya fedha na ya imani pia. Ataamini kwamba serikali ndivyo ilivyo.

Kizuri chajiuza?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hutumiwa na baadhi yetu kama kinga ya uvivu. Husemwa: tukiweka taarifa nzuri, watu wataifuata wenyewe. Lakini hata embe zuri hujiuza pale tu linapowekwa gengeni wanakopita wanunuzi. Likiachwa chini ya mti porini, litaoza na uzuri wake. Ndiyo maana wahenga hao hao wakasema pia kwamba biashara ni matangazo.

Hata hivyo yako matangazo ya halali na yako matangazo ya hila. Wapo wauzaji wa maarifa wanaozunguka maofisini wakiahidi kuiweka tovuti yoyote katika nafasi ya kwanza kwa muda wa wiki moja. Watumishi wajihadhari nao. Hakuna mtu nje ya kampuni yenye injini anayeweza kutoa ahadi hiyo kwa uaminifu. Wengine hutumia mbinu za kurudiarudia neno moja mara mia, kuficha maneno kwa rangi inayofanana na ya karatasi, au kununua viungo kutoka kwenye tovuti zisizohusika. Mbinu hizo zimewaumbua wakubwa. Mwezi Februari 2006 Google iliiondoa katika orodha yake tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW, kwa kuwa ilikuwa ikiionyesha injini kurasa za aina moja na kuwaonyesha wasomaji kurasa nyingine. Mwezi Februari 2011 gazeti la The New York Times lilifichua jinsi maelfu ya viungo vya kununuliwa vilivyolipandisha duka la J. C. Penney la Marekani katika utafutaji wa bidhaa nyingi, na Google ikalishusha mara moja. Ikiwa makampuni hayo yaliaibika, itakuwaje kwa ofisi inayotumia fedha za walipa kodi?

Matangazo ya kulipia nayo yatazamwe kwa uangalifu. Biashara ya kuuza nafasi za juu katika majibu ilianzishwa na kampuni ya GoTo mwaka 1998, na Google ikaanzisha mpango wake wa matangazo mwaka 2000. Mwaka 2002 tume ya biashara ya Marekani ilizitaka injini za utafutaji zitenganishe wazi majibu yaliyolipiwa na yasiyolipiwa. Ziko nyakati ambapo ofisi ya umma inaweza kulipia tangazo kwa haki kabisa: kukitokea mlipuko wa ugonjwa, au siku za mwisho za kujiandikisha zikikaribia, au matapeli wakiwa wamenunua nafasi ya juu. Lakini tangazo la kulipia ni maji ya kununua kwa dumu. Fedha ikikatika, na maji yamekatika. Kuupanga ukurasa vizuri ni kuchimba kisima.

Matangazo bora kuliko yote kwa tovuti za umma hayahitaji fedha nyingi. Kila barua, kila fomu na kila bango viwe na anwani fupi ya ukurasa unaohusika, si anwani ya mlango mkuu tu. Redio zitaje anwani hiyo taratibu, mara mbili. Tovuti za halmashauri, vyuo na shule ziweke viungo vya kuelekea kwenye kurasa rasmi, badala ya kila moja kunakili waraka na kuubandika kwake hadi zikapatikana nakala ishirini zinazopingana. Kila kiungo cha namna hiyo ni barua ya udhamini inayotolewa na ndugu kwa ndugu, tena ni barua ya kweli.

Hoja zinazopingwa

Iko hoja kwamba kazi hii ni ya mafundi wa kompyuta, na ofisa wa kawaida haimhusu. Hoja hii haina msingi. Fundi anaweza kufungua mlango, lakini hawezi kujua mwananchi anauliza nini dirishani. Anayejua hilo ni karani anayepokea maswali, mwalimu anayeulizwa na wazazi, na ofisa anayejibu simu. Maswali hayo yakiandikwa katika daftari kwa mwezi mmoja, yatakuwa mwongozo mzuri wa vichwa vya kurasa kuliko kitabu chochote cha kigeni. Zaidi ya hayo, Google yenyewe inacho chombo cha bure kiitwacho Search Console, ambacho humwonyesha mwenye tovuti ni maneno gani yaliyowaleta watu kwake, na ni kurasa zipi zilizoshindwa kuingizwa katika faharasa. Ofisi inayotumia mamilioni kutengeneza tovuti bila kukitazama chombo hicho ni kama duka lisilohesabu mauzo.

Iko hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi. Wapo wanaouliza: je, ni haki kwa taifa kuzipanga taarifa zake ili kuiridhisha kampuni moja ya kigeni? Mwezi Agosti 2024 mahakama ya shirikisho mjini Washington iliamua kwamba Google ilivunja sheria ya ushindani kwa kulinda ukiritimba wake katika utafutaji. Tena, tangu mwaka huo kampuni hiyo imeanza kuweka juu ya orodha majibu yaliyotungwa na akili mnemba, kiasi kwamba msomaji huenda asifungue kabisa ukurasa wa asili. Wasiwasi huu ni wa haki, na anayejali kujitegemea hawezi kuupuuza.

Lakini tuangalie jibu lake. Karibu yote yaliyopendekezwa hapa yangestahili kufanywa hata kama Google isingekuwapo. Kichwa cha habari kinachoeleweka, maandishi yanayosomeka badala ya picha, Kiswahili cha watu, anwani zisizohamahama na kurasa nyepesi vitamfaa mwananchi kwa injini yoyote, leo na kesho. Vitaifaa pia akili mnemba, ambayo haina budi kutafuta mahali pa kuchota majibu yake. Isipochota kwetu itachota kwa wengine. Papo hapo tusiweke mayai yote katika tenga moja. Kila tovuti ya umma iwe na sehemu yake ya kutafutia inayofanya kazi kweli, na orodha iliyopangwa kwa mada ambayo mtu anaweza kuifuata bila msaada wa injini yoyote.

Iko hoja ya tatu, kwamba wananchi wengi bado hawana intaneti, hivyo juhudi hizi ni anasa. Hiyo ni kweli nusu. Yule asiye na intaneti humwendea mwalimu, mtendaji wa kijiji, au kijana mwenye simu, amtafutie. Mtu mmoja akipata jibu sahihi, kijiji kizima kimelipata. Akipata jibu la uongo, uongo nao husambaa kwa kasi ile ile. Na ubao wa matangazo usiondolewe. Uendelee kusimama pale pale ulipo.

Wajibu wetu

Nini basi kifanyike? Kwanza, kila mkuu wa idara ajipe mtihani mmoja mdogo. Achukue maswali kumi yanayoulizwa zaidi katika ofisi yake, ayaandike katika injini ya utafutaji kwa maneno ya mwananchi, kwa kutumia simu ya kawaida, na atazame ukurasa wa ofisi yake unatokea nafasi ya ngapi, na nani ametangulia. Mtihani huo hauhitaji kamati wala posho ya kikao. Pili, ateuliwe mtumishi mmoja atakayewajibika kwa kila ukurasa, na tarehe ya marekebisho ya mwisho iandikwe wazi, ili taarifa iliyopitwa na wakati iondolewe au ielekezwe kwenye mpya. Tatu, mikataba ya kutengeneza tovuti itaje wazi kwamba kazi haijakamilika mpaka kurasa zake zimeonekana katika utafutaji. Mjenzi wa nyumba halipwi kwa nyumba isiyo na mlango.

Walimu nao wana sehemu yao, nayo ni kubwa. Kutafuta ni elimu. Mwanafunzi afundishwe kuchagua maneno ya swali lake, kutofautisha tangazo lililolipiwa na jibu la kawaida, kutazama kama anwani inaishia na ".go.tz" au ".ac.tz", kutazama tarehe, na kulinganisha majibu mawili kabla ya kuamini moja. Kizazi kilichozoea kufungua jibu la kwanza bila kuuliza nani ameliweka pale na kwa faida ya nani, kitaongozwa na yeyote mwenye fedha za kununua nafasi hiyo.

Ofisi za umma zimekwisha kufanya sehemu ngumu: zimekusanya maarifa, zimeyaandika na zimeyaweka mtandaoni. Sehemu iliyobaki ni nyepesi kuliko iliyokwisha fanywa, lakini bila hiyo jasho lote la awali litakuwa limemwagika bure. Mtumishi anapomaliza kuandika taarifa, asiulize tu kama imewekwa kwenye tovuti. Aulize kama mama aliye Namtumbo, mwenye simu ndogo na bando la siku moja, ataipata kwa maneno yake mwenyewe. Jibu likiwa hapana, taarifa hiyo bado haijatolewa, na irudishwe mezani.